Wanataka nimtoe mzee wa redio

Tatu mwenzangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto je, na yule mgonjwa wenu? Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Najua ni miezi saba sijakuandikia, najua umeninunia, na haki unayo. Lawama nazipokea zote, lakini nipe nafasi kwanza nikueleze kilichonishikisha kalamu, maana si kizuri na kinakuhusu.

Wanaolipia tamthilia ninayoiandika wanataka nimtoe mzee wa redio.

Unamkumbuka. Yule wa chini kabisa ya ngazi, anayeipiga redio yake makofi mawili ndipo iseme, kisha anaiomba radhi. Sikukuficha tangu mwanzo kwamba yule ni marehemu baba yako, nimembadilisha jina na kofia tu. Wewe ukacheka, ukasema mwache aonekane, alikuwa anapenda kutazamwa. Basi juzi wamekaa kikao chao, wakanipigia simu kwa sauti za kubembeleza, wakaniambia mzee “hasukumi hadithi”.

Tatu, kazi hii nimeifanya miaka ya kutosha kujua kauli hiyo ina lake jambo. Hakuna atakayekwambia waziwazi kwamba fedha haitoshi. Watakwambia mhusika hasukumi hadithi, au mwendo umelegea, au mtazamaji atachanganyikiwa. Mzee ana sini tisa, yaani maonyesho mafupi, zilizotawanyika kwenye sehemu sita, kwa hiyo mwigizaji wake lazima aitwe siku nyingi kwa kazi ya dakika chache. Halafu chumba chake ni seti nyingine kabisa, ya kujengwa tangu sakafu. Ukimtoa mzee, umetoa na seti. Hiyo ndiyo hadithi anayoshindwa kuisukuma.

Nikuchekeshe kidogo. Skripti ikifika kwa watu wa ratiba, kila ukurasa unagawanywa vipande vinane, na kila sini inapimwa kwa vipande hivyo. Mimi niliandika mahali mstari mmoja tu: “Mvua inanyesha, jengo zima linatoka nje.” Kipande kimoja, nikajiona mshairi. Dada wa ratiba akanikalisha, akaanza kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mabomba ya mvua, ekstra sitini wa kujaza picha tu, nguo za kila mtu seti mbili kwa sababu zitalowa, na usiku mzima wa kazi. Mstari ule ulikuwa unakula fedha kuliko kurasa sita za watu wawili kugombana mezani. Nikaufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani nimemkomboa mzee kwa mvua. Kumbe mvua wamechukua, na mzee bado wanamtaka.

Nimejaribu kujifariji kwa yaliyowapata wakubwa. Tamthilia ya Marekani, Mad Men, mwanzoni mwa 2011 ilikuwa na tuzo tatu za Emmy za tamthilia bora mfululizo, na bado kituo kilimtaka mtunzi wake, Matthew Weiner, akate dakika mbili kila sehemu ili matangazo yaongezeke, na apunguze waigizaji. Wakavutana mpaka msimu wa tano ukachelewa kufika hewani hadi Machi 2012. Mwenye Emmy tatu kabatini anaweza kununa na watu wakamsubiri. Mimi nikinuna, wanampigia mwingine kabla ya mchana.

The Wire, tamthilia nyingine ya huko, nayo naikumbuka kila nikiambiwa watazamaji wachache. Misimu mitano, waliokuwa wanaitazama wakati ule si wengi, na haikupata Emmy hata moja. Iliponea kwa sababu kituo chake, HBO, kilikuwa kinaishi kwa ada ya mwezi, si kwa matangazo. Swali lao lilikuwa kama mteja atabaki, na sifa peke yake ilitosha kumbakiza mtu. Hawa wangu wa mtandaoni nao wanakula ada ya mwezi, lakini wanajua umezima dakika ya ngapi. Ndiyo maana wananiambia siri ya dada mkubwa, yule wa kwenye hadithi yangu, ifichuke mapema, sehemu ya kwanza, kabla mtu hajanyanyuka. Siri yenyewe ndiyo nguzo ya msimu mzima! Lakini hiyo ni vita nyingine, sijaifikia.

Na Mako anasema nishukuru hata kuwa na mtu wa kugombana naye. Yeye aliwekwa kwenye chumba cha waandishi wachache, wiki chache tu, wakatoa sehemu zote, wakaagwa. Wakati wa kupiga picha hakuwepo mwandishi hata mmoja wa kusema mstari ule ulikusudiwa kuwa mzaha. Akauona kwenye kioo kama sisi wengine, unasemwa kwa machozi. Vyumba vya aina hiyo ni moja ya yaliyowatoa waandishi wa Marekani barabarani mwaka 2023, siku 148. Mako alifuatilia mgomo ule kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Lakini ngoja nikwambie kinachoninyima usingizi hasa, maana si hasira. Ni kwamba huenda wana haki.

Tamthilia ya Breaking Bad ilikuwa iwe California. Ilihamishiwa Albuquerque kwa sababu jimbo lenyewe, New Mexico, lilikuwa linawarudishia watayarishaji sehemu ya gharama. Hesabu tupu, hakuna ushairi. Lakini leo jaribu kuliondoa lile jangwa na lile anga kwenye hadithi uone kitabaki nini. Kwa hiyo siwezi kujidanganya kwamba mwenye fedha akitia mkono kila mara anaharibu. Nimejiuliza usiku kucha: ninamtetea mzee kwa sababu hadithi inamhitaji, au kwa sababu mimi ndiye niliyekosa mazishi yake na ninataka kulipa kwa sini tisa? Zuhura aliniuliza hivyo hivyo, nikamkatia simu. Usimwambie kwamba nimekiri.

Huyo huyo Zuhura baadaye akatuma ujumbe mfupi: “Mwache asikike tu.” Yaani tusimwone kabisa. Hakuna chumba, hakuna kofia. Dada mkubwa anapanda ngazi, na kutoka chini anasikia makofi mawili, redio inashtuka, kisha sauti ya mzee ikiiomba radhi. Kwenye sehemu ya tano makofi yanapigwa na redio inasema, lakini anayeomba radhi hasikiki. Hakuna anayeeleza lolote. Dada anasimama kidogo kwenye ngazi, basi.

Tatu, niliposoma mikono iliniwia baridi. Ni bora kuliko sini zangu zote tisa, na ni rahisi kiasi kwamba hawatakuwa na la kusema. Sauti ya mwigizaji inarekodiwa siku moja. Nusu nina furaha, nusu najiona nimemuuza.

Jibu wanalitaka Alhamisi, na sitawajibu kabla sijakusikia wewe. Baba alipenda kutazamwa, ulisema mwenyewe. Atakubali kusikika tu? Ukisema hapana nitarudi kupigania zile sini tisa, na tukishindwa tushindwe, sitakulaumu. Na kama ni ndiyo, nisaidie hili: ile redio bado mnayo, au kaka yako alishaigawa? Kama ipo, bado inataka makofi? Unaweza kunirekodia mlio wake pale inapozinduka, mahali pasipo na watoto? Na yale maneno aliyokuwa akiiambia ndiyo yananisumbua zaidi. Kwenye skripti nimeandika “samahani bibie”, lakini kadiri ninavyolisoma naona ni langu, si lake. Alikuwa anaiambiaje hasa? Aliita kwa jina? Mama anakumbuka?

Wako,
Rehema