Madarasa ya duka la nyuzi yaanze na sampuli, si sweta

Mhariri,

Shule zinapokaribia kufungwa, baadhi ya maduka ya nyuzi katika miji yetu ya nyanda za juu hubandika mlangoni tangazo la mafunzo ya kufuma kwa sindano, na siku hizi mengine huongeza kusokota sufu na kufuma kitambaa kwa fremu. Ni jambo jema. Tunacholalamikia ni desturi ya kumkalisha mwanagenzi siku ya kwanza na kumwanzishia sweta papo hapo. Analipa ada, ananunua uzi pale pale, anaondoka na sweta ambayo nusu yake imefumwa na mwalimu, na akifika nyumbani hawezi kuanzisha ya pili kwa kuwa hajui ile ya kwanza ilipataje vipimo vyake. Rai yetu ni kwamba darasa lianze na sampuli, yaani kipande kidogo cha kupimia vitanzi, na likae kwenye sampuli kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyoweza kuvumilia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzi uliozoeleka kwa sweta za watoto, ule ambao lebo yake hutaja sindano za milimita 4, hutoa takriban vitanzi 22 na mistari 30 katika mraba wa sentimita 10. Tuseme sweta inatakiwa iwe na mzunguko wa kifua wa sentimita 76. Zidisha 76 kwa 22, gawanya kwa 10, unapata vitanzi 167, mbele na nyuma pamoja. Sasa mfumaji mwenye mkono mlegevu hutoa vitanzi 20 badala ya 22, na vitanzi vile vile 167 vinageuka sentimita 83 na nusu. Mwenye mkono mkavu hutoa 24, na sweta inaishia sentimita 69 na nusu, haipiti kifuani. Vitanzi viwili tu vimeleta yote hayo, na hakuna mwalimu awezaye kuvibaini kwa kutupia jicho kazi iliyo kwenye sindano.

Sampuli inayofaa ina vitanzi 30 na mistari 40. Ndogo kuliko hapo hudanganya. Vitanzi vyake vya mwisho vifungwe, ioshwe jinsi sweta itakavyooshwa, ilazwe ikauke bila kuvutwa, kisha ipimwe katikati, kwa kuwa kingo hujikunja na vitanzi vya pembeni huwa vilegevu kuliko vya ndani. Vitanzi vikizidi 22, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Kumwambia mwanagenzi akaze au alegeze mkono ni kumtesa bure. Mkono hurudia mazoea yake mara tu anapoanza kuzungumza na jirani.

Hapo kwenye sindano pana mtego ambao tunashangaa maduka hayauandiki ukutani. Sindano nyingi za zamani hapa kwetu hufuata namba za Uingereza, ambazo hupungua kadiri sindano inavyonenepa: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Maelezo mengi ya intaneti hutoka Marekani, ambako namba huongezeka na unene, na namba 8 ni milimita 5. Mtu hufuata maelezo neno kwa neno, "namba 8" kwa "namba 8", akapata sweta ya kifua kidogo iliyokauka kama ubao, kisha akalaumu uzi. Dawa ni kutaja milimita peke yake, na kuweka kaunta kibao chenye matundu ya kupimia sindano. Hao wanaofuma kwa spoku za baiskeli nao wajue kwamba spoku ya kawaida ina milimita 2. Inafaa soksi na uzi mwembamba. Ukiilazimisha kwenye uzi wa sweta utafuma zulia.

Kabla hata ya sampuli, mwanagenzi huhitaji kipande kimoja cha vitanzi 20, kwa uzi laini wa rangi ya kukoza kidogo tu, krimu au bluu ya mbingu. Asipewe uzi mweusi, wala ule wenye manyoya, kwa kuwa hataona kitanzi kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Ahesabu kila mwisho wa mstari. Vitanzi 20 vikigeuka 23, sababu huwa moja kati ya chache zinazojulikana. Huenda uzi ulibaki mbele ya kazi alipokuwa akifuma kitanzi cha wazi, kile kinachotaka uzi uwe nyuma, ukapita juu ya sindano na kuzaa kitanzi kipya chenye tundu chini yake. Huenda sindano ilipasua uzi, akafuma nusu mbili kama vitanzi viwili. Lililo la kawaida kuliko yote ni la mwanzo wa mstari: akiuvuta uzi kwenda juu ya sindano badala ya kuuacha uning'inie chini, kitanzi cha kwanza hunyanyuka na kuonyesha miguu miwili, naye huifuma yote. Mwalimu asimfumulie kazi na kuirekebisha kimyakimya. Amwonyeshe tundu, amwambie lilizaliwaje, kisha mwanagenzi afumue mwenyewe. Kitanzi kilichodondoka kisimtie hofu: kulabu ya kroshia ya milimita 3.5 hukipandisha ngazi kwa ngazi hadi kwenye sindano.

Duka lina faida moja ambayo ukumbi wa kanisa au sebule ya mtu haina: nyuzi zote ziko rafuni na zina lebo. Basi lebo isomwe darasani kabla ya pesa kutoka. Gramu peke yake hazitoshi, tazama na mita. Gramu 100 za akriliki ya sindano za milimita 4 zinaweza kufika karibu mita 290, ilhali gramu 100 za sufu au pamba ya unene huo huo zikaishia mita 200 na kitu. Anayebadilisha uzi kwa kulinganisha uzito huishiwa akiwa kwenye mkono wa pili. Namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwa mara moja, nayo iwe moja kwa madonge yote, kwani tofauti usiyoiona chini ya taa ya duka huonekana wazi juani, mstari mzima kifuani. Tena mwenye duka aseme ukweli kuhusu pasi. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto hulegea, hung'aa, na haitarudi ilivyokuwa hata ukiifulia maji baridi. Sufu huweza kutengenezwa kwa mvuke, lakini maji ya moto pamoja na sabuni na kusuguliwa huifanya igandamane na kuwa ndogo.

Tunajua uzi mpya ni ghali kwa anayejifunza, na hapa tutawaudhi wenye maduka kidogo: mazoezi yafanywe kwa sweta za mitumba zilizofumuliwa. Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walifumua vitambaa vya rangi kutoka Cambay ya India na kuzifuma nyuzi zake pamoja na pamba yao nyeupe, kwa hiyo hakuna aibu yoyote. Siri iko kwenye kuchagua. Geuza sweta ndani nje, angalia mshono wa ubavuni. Ukikuta ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia nyuzi ukingo uliokatwa, iache: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kila mstari unaishia kwenye mshono, na utapata vipande vifupi vya upana wa sweta tu. Ukikuta kingo zilizofumwa zikaunganishwa kwa mnyororo wa uzi, uzi wake ni mmoja kuanzia chini hadi juu. Fungua mishono kwanza, kisha anza kufumua kutoka shingoni na mabegani, kwa maana kazi hufumuka kirahisi kutoka pale ilipomalizikia. Zungushia uzi mgongo wa kiti uwe shada, funga shada hilo mahali panne, liloweke maji ya vuguvugu nusu saa, litundike na kijiwe chepesi hadi likauke ili mikunjo inyooke. Uzi wa sweta za kiwandani mara nyingi ni mwembamba. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja, na sampuli ndiyo itakayokuambia ni ngapi.

Lebo ya mtumba ikiwa imekatwa, kipande cha uzi cha sentimita 5 kikishikwa kwa koleo juu ya beseni la maji na kuwashwa kitasema. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake hupondeka. Akriliki huyeyuka na kuacha kitone cheusi kigumu. Pamba hunuka karatasi.

Kuhusu kusokota. Kenya tuna kondoo wa sufu, Corriedale na Merino wakiwemo, na bado madarasa hununua sufu ya nje iliyokwisha chanwa kwa kuwa kuisafisha ya hapa kunaonekana kazi chafu. Ni chafu kweli. Toa kwanza sehemu za pembeni zenye samadi na miiba. Loweka kilichobaki katika maji ya nyuzi joto 60 yenye sabuni ya vyombo, dakika 20, bila kukoroga. Usingoje maji yapoe, maana mafuta ya sufu yaliyoyeyuka huganda tena juu yake. Rudia, kisha suuza kwa maji ya joto lile lile, kwani kuihamisha ghafla kutoka maji ya moto hadi ya baridi kunaweza kuigandamanisha. Sufu laini kama ya Merino inaweza kupoteza nusu ya uzito wake, na ni vyema mnunuzi ajue hilo kabla hajalipia kilo.

Mwanagenzi aanze na pia ya mkono, kile kijiti chenye kisahani kinachozungushwa kusokotea uzi, ya gramu 30 hadi 50, gurudumu lingoje. Kosa linalowakatisha tamaa wengi ni mikono kukaribiana mno. Ikiwa urefu wa unywele mmoja wa sufu ni sentimita 8 na mikono iko umbali wa sentimita 5, unavuta ncha mbili za nywele zile zile, na hazitateleza hata ukitoka jasho. Tanua mikono ipite urefu wa unywele. Msokoto nao usiruhusiwe kupanda ndani ya sufu ambayo haijavutwa. Nyuzi mbili zikishapatikana, zipotwe pamoja kwa kuzungusha pia kinyume cha mwelekeo wa kwanza. Ukizungusha upande ule ule zitajifunga mafundo. Kisha lishike shada lining'inie. Likijizungusha sana, msokoto umezidi upande mmoja. Uzi wa namna hiyo, hasa usiopotwa maradufu, hufuma kitambaa kinachokwenda mshazari, na hakuna pasi itakayokinyoosha.

Kufuma kwa fremu tutakugusia kwa hesabu tu, kwani ndipo darasa hukwama. Skafu ya sentimita 25 kwa 150 kwa uzi ule wa milimita 4: panga mtande, yaani nyuzi za urefu zinazofungwa kwenye fremu, upana wa sentimita 27 na nusu, maana kitambaa hujivuta ndani, kwa nyuzi tano kila sentimita 2, yaani nyuzi 69. Urefu wa kila uzi ni sentimita 150, ongeza 22 za kunywea na 60 za kufungia na zitakazobaki kwenye fremu, jumla mita 2.32. Mtande utakula mita 160, mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukata mtande, karibu mita 120. Donge la mita 290 linatosha kwa tabu, kwa hiyo nunua mawili. Kingo zikiingia ndani kama kiuno cha nyigu, mshindio umevutwa ukanyooka. Ulazwe mshazari au kwa upinde kabla ya kugongwa. Mtande wa akriliki huvutika na kuwachanganya wanaoanza. Pamba ni afadhali.

Kwa mzazi au kijana anayetaka kulipia darasa, aulize mambo haya kaunta. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Kwa wanaoanza, zaidi ya sita ni wengi mno. Je, kila mmoja ana fremu au pia yake, au ni zamu? Je, anaruhusiwa kuja na uzi wa nyumbani? Anaondoka na nini? Sisi tungependa aondoke na daftari lenye sampuli zisizopungua kumi zilizoshonwa kurasani, kila moja ikiwa na lebo ya uzi, milimita za sindano, na vitanzi kwa sentimita 10 kabla na baada ya kuoshwa. Mwenye duka akijibu kwamba cheti kinatolewa siku ya mwisho pamoja na sweta, aombwe kwanza amwonyeshe sampuli ya sweta hiyo.

Wafumaji na wasokotaji,
Nakuru