Barua kwa dada Atu: viazi vitoke kwenye kile chumba

Bronx, New York

Dada Atu,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, na mwambie dawa za presha asiziache eti kwa sababu anajisikia vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu nikituma sauti WhatsApp, mama hajaisikiliza tayari imefika Tukuyu na Kyela, na kila shangazi ana neno lake.

Ujumbe wa Lusajo nimeuona. Anataka laki nane aende Dar akarekodi wimbo mmoja kwa prodyuza anayemjua yeye. Sitatuma. Atarudi Uyole na wimbo kwenye flashi, biti si yake, mashine si yake, na baada ya muda tunaanza kuchanga upya. Hela ya kile chumba cha uani niliituma ili hayo yaishe. Nilisema mbele ya wote, baba mdogo akiwepo, kwamba ni studio, chumba cha vijana wa mtaa kujifunzia muziki. Leo nasikia kimejaa viazi, magunia mpaka dirishani! Na laptopu niliyoituma iko kwa mtu wa mbolea, imewekwa rehani. Rehani, dada! Kwa mbolea ya kukuzia viazi hivyo hivyo vinavyolala studio.

Lusajo anajitetea kwamba magunia yanameza mwangwi kuliko trei za mayai. Hilo kweli, trei tunazibandika kwa mazoea tu, kelele za bodaboda zinapita kama kawaida. Lakini mtu wa maiki atasimama wapi?

Sehemu hii usimsomee mama, msomee baba mdogo. Hip hop yenyewe ilianza kwa shida ya kifamilia. Tarehe 11 Agosti 1973, binti mmoja, Cindy Campbell, alitaka hela ya nguo za kufungulia shule. Akaandaa pati kwenye ukumbi wa jengo walilokuwa wakiishi, 1520 Sedgwick Avenue, huku huku Bronx. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50. Aliyepiga muziki ni kaka yake, Kool Herc. Alikuwa na santuri mbili zinazofanana. Pale waimbaji wanaponyamaza ngoma zikabaki peke yake, anakirudia kipande hicho kwenye santuri hii, kisha kwenye ile, watu hawakai chini. Spika zilikuwa za baba yao. Hakuzigeuza ghala. Na hawakuwa matajiri, walikuwa wahamiaji kutoka Jamaika. Nimewapeleka wanafunzi wangu pale: ni ghorofa la kawaida kando ya barabara kuu, watu wanaingia na mifuko ya sokoni. Baba mdogo akisema muziki ni uhuni, mkumbushe mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka nani bungeni. Sugu alitoka kwenye maiki, na pale Ruanda Nzovwe baba mdogo alipiga mluzi kuliko vijana.

Haya, mama arudi. Mwambie kituo ninakofundisha vijana kutengeneza biti kimenipa darasa langu mwenyewe, madogo wa miaka 14 mpaka 17. Maboksi ya usiku bado nabeba, tuyaache hayo. Madogo wanakuja wakitaka kumaliza biti nzima siku ya kwanza. Mimi nawakalisha kwenye kiki na sneya tu, yaani ngoma nzito ya chini na ile kali inayoijibu, mapigo 90 kwa dakika. Mashine yetu ina pedi 16, vile vibao unavyogonga kwa vidole vitoe sauti, mpangilio ule ule wa MPC, mashine ya biti aliyoibuni Roger Linn, iliyotoka 1988. Ina kitufe cha kunyoosha mapigo yakae sawasawa kwenye mstari. Hicho nawakataza. Dogo mmoja sneya yake ilikuwa inachelewa kidogo, akaona aibu, akataka kuinyoosha. Nikamwekea kazi za J Dilla, prodyuza wa Detroit, aliyekuwa akiacha ngoma ziyumbe makusudi, na leo mashine yake iko makumbusho kule Washington. Dogo akaiacha sneya yake kama ilivyo. Darasa zima likaanza kutikisa vichwa, hakuna aliyeambiwa.

Habari kubwa sasa. Ile kwaya ya akina mama uliyonirekodia kwa simu huwa naisikiliza kwenye treni. Binti mmoja darasani, wazazi wake wa Gambia, aliisikia ikivuja kwenye hedifoni zangu, akaiomba. Akakata pale mama anapoingia na sauti ya pili, akaishusha ikawa nzito, akaigawa kwenye pedi nne, chini akaweka besi. Siku ya maonyesho watu walisimama! Wanashangilia sauti ya mama yetu na Uyole hawajui iko wapi. Mkuu wa kituo akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia nyumbani. Mama asikasirike, neno "Bwana" limesikika lote, halikukatwa.

Usiku ule nilitamani ndizi za Tukuyu mpaka tumbo likauma. Parachichi la hapa bei yake usiniulize, na ladha halina.

Basi iwe hivi. Viazi viuzwe, bei iwe nzuri isiwe nzuri. Laptopu nitaikomboa mimi. Hela inakuja kwenye simu yako wewe, na ukishaishika nitumie picha. Lusajo aanze na kiki na sneya, anitumie kila Jumapili. Akikaa kimya, nauli ya Dar asinitajie. Na kwaya wakiwa na wimbo mwingine, warekodi asubuhi mapema kabla ya bodaboda. Kwenye ule wa kwanza kuna honi katikati, binti wa watu alihangaika kuitoa, mwisho akaona inaendana na sneya, akaiacha.

Mdogo wako,
Ambakisye