Kipimo cha mboga kwa kidole kijaribiwe kwanza kwa ngozi zetu

Kwa Mhariri,

Naandika kutoka Kisumu juu ya kitu ambacho wengi huku bado hawajakiskia, na naogopa siku kitafika tutakimbilia kununua bila kuuliza maswali. Kuna mashine ndogo siku hizi, unaweka kidole, inakimulika kama sekunde kumi hivi, halafu inakupa namba ya kuonyesha kama wewe ni mtu wa kula mboga na matunda ama la. Hakuna sindano wala damu. Moja inayojulikana inaitwa Veggie Meter, ilitengenezwa kule Utah, Marekani, na namba zake zinaanza 0 mpaka 800. Mimi nataka ifike huku kwetu, lakini ijaribiwe hapa kwanza, kwa watu wetu, kabla kaunti yoyote haijatia sahihi.

Si uganga. Mboga za kijani, karoti, malenge, papai, embe, nyanya, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, zote ziko na rangi zinazoitwa karotenoidi. Mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile, na zikishaingia kwa damu zingine zinaenda kukaa kwa mafuta na kwa ngozi. Sasa hizo rangi zinameza mwanga wa bluu, kwa hivyo mashine inamulika kidole na kuangalia bluu gani haikurudi. Kidole kinabanwa kidogo kwa kioo ndio damu isogee, juu damu nayo inameza mwanga na ingevuruga hesabu. Iko pia njia ya leza iliyotangulia hiyo, inaitwa Raman, jina la yule mwanasayansi wa India aliyepata tuzo ya Nobel 1930.

Wamama wengi wameshaona hii kitu bila mashine yoyote. Mtoto ameanza kula, anapewa malenge na papai kila siku, baada ya muda viganja na nyayo zinakuwa manjano, mama anakimbia kliniki akidhani ini limeharibika. Muuguzi anavuta kope ya chini anaangalia jicho, akikuta ni jeupe safi anamwambia mama atulie, ni chakula tu imejionyesha kwa ngozi.

Kwa nini naitaka? Nimefanya kazi ya kuzunguka na fomu za lishe vijijini, ile ya kuuliza mtu "jana tangu uamke mpaka ulale ulikula nini". Wale wamefanya hiyo kazi wanajua. Mama anakuona umevaa tishati ya mradi, anakuletea kiti, anafuta meza, na ukianza kuuliza anakutajia samaki, mboga, maziwa, matunda, kwa sababu wewe ni mgeni na hataki nyumba yake iandikwe vibaya. Siwezi kumlaumu, ni heshima. Halafu kuna hiyo mambo ya sinia moja. Watoto wanne wanakula pamoja, wewe umepima mboga yote iliyokuwa kwa sufuria kwa kutumia bakuli, sasa unagawanya aje? Mkubwa ana mkono mrefu na anakula haraka, yule mdogo wa miaka miwili anachovya ugali kwa supu na mboga yenyewe haifiki mdomoni, lakini kwa fomu wote wanne wameandikiwa mboga sawa. Nimejaza fomu kama hizo na nikiziangalia zinaniuma, juu huyo mdogo ndiye tulikuwa tunamtafuta. Kidole chake kingesema ukweli wake mwenyewe, na kingesema ya wiki kadhaa zilizopita, sio ya jana peke yake ambayo pengine ilikuwa siku ya soko.

Na sisi huku tuko na chakula ya kupimwa. Mboga za majani za kienyeji ziko nyingi: osuga, dek, apoth, boo, susa, ukivuka upande wa Vihiga na Kakamega utaskia tsisaga na murere, ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu asubuhi wamama wamepanga mafungu mpaka barabarani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ambaye alifundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuenda chuo kikuu cha JKUAT ameshughulikia hizi mboga miaka mingi, wakati watu wengine waliziona chakula ya maskini. Wamama wetu wa zamani pia walijua kuzipika, dek inachemshwa halafu inawekewa maziwa na inalala, na karotenoidi bila mafuta kidogo haiingii vizuri mwilini, kwa hivyo hiyo maziwa ina kazi. Lakini ugali mweupe hauongezi chochote kwa hiyo namba. Mahindi ya manjano yangeongeza, tatizo ni kwamba wazee wetu bado wanayakumbuka kama ya msaada wa njaa ya 1984 na hawataki kuyaona mezani.

Sasa wasiwasi wangu mkubwa. Hiyo ni mashine ya mwanga, na melanini, ile rangi inayofanya ngozi yetu kuwa nyeusi, nayo inameza mwanga wa bluu. Ncha ya kidole ina melanini kidogo, na watengenezaji wanasema wanarekebisha hesabu, sawa, lakini tumeona ya kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni. Kilitumika hospitali dunia nzima miaka na miaka, halafu Desemba 2020 madaktari wa Marekani wakachapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikuwa kinakosea zaidi, kinaonyesha oksijeni iko sawa kumbe imeshuka, na hiyo ilikuwa katikati ya korona. Tusingoje tuambiwe hivyo tena. Maseno iko hapa, KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, iko hapa Kisumu. Wapime kidole, wachukue damu ya mtu huyo huyo ipimwe maabara, walinganishe, halafu wawape watu mboga zetu kwa wiki kadhaa waone kama namba inapanda. Wachukue mvuvi wa Dunga anayeshinda juani, wachukue mvuta sigara, wachukue mtu mnene, juu jua, sigara na unene zote zinaweza kushusha namba hata kama mnakula sahani moja.

Na namba isigeuzwe kuwa ya kumkaripia mtu. Familia ya Molo ama Nakuru mjini inayokula kabeji na viazi kila siku inaweza kupata namba ya chini na kumbe mboga wanakula, ni vile kabeji nyeupe haina hiyo rangi ya kutosha. Mtoto anayekula omena, wale samaki wadogo, vizuri mashine haioni omena. Haipimi madini ya chuma, haipimi protini, na hata vitamini A yenyewe haiisomi moja kwa moja, kwa hivyo ile tepe ya kupima mkono wa mtoto ambayo wahudumu wa afya ya jamii wanabeba isiwekwe kando.

Kuna jambo lingine linanikosesha usingizi. Tayari kuna watu wanazunguka masoko wakikushikisha kichuma, wanasema wamesoma ini na figo zako, halafu wanatoa mikebe ya dawa. Hao wakipata hii ya kidole itakuwa balaa, juu vidonge vya karotenoidi vinapandisha namba kweli na mteja ataamini amepona. Huko Finland walipatia wanaume wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, aina moja ya karotenoidi, wakidhani vitawakinga, utafiti wa watu zaidi ya 29,000, na matokeo ya 1994 yakaonyesha wale waliomeza walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wale hawakumeza. Osuga haijawahi kufanyia mtu hivyo.

Kwa hivyo naomba kaunti za huku, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia, pamoja na Nakuru, ziweke pesa pamoja kwa huo utafiti kabla ya kununua, na Wizara ya Afya iseme mapema nani ataruhusiwa kushika hiyo mashine. Yule mama akipimiwa mtoto wake apewe namba mkononi na aelezwe inamaanisha nini, kwa lugha anayoiskia, siku hiyo hiyo.

Mhudumu wa lishe,
Kisumu