Shoga, nimelala hekaluni

Shoga yangu, najua umeninunia, siku tatu sijajibu meseji zako. Nlikuwa Koyasan, huko milimani Wakayama, Japani, basi punguza hasira nikupe stori.

Unapanda treni ya Nankai pale Namba, Osaka, mpaka Gokurakubashi, afu kuna keibokaa inakuvuta mpaka juu, kama mita 800 hivi, na baridi yake achana nayo. Nlidhani ntakuta hekalu moja kumbe yako 117, na kama hamsini hivi yanalaza wageni, wanaita shukubo. Chumba mikeka mitupu na milango ya karatasi, nkasema leo nkikoroma jirani kanisikia, kumbe mkoromaji ni yeye.

Chakula saa kumi na moja na nusu jioni, we fikiria, saa ambayo kwetu mtu ndo kwanza anatafuta mkaa. Hakuna nyama, hakuna samaki, kitunguu wala saumu hamna, supu ya mwani na uyoga, nkajua leo nalala njaa. Sasa kuna kitu kilikuwa kinatetemeka kwenye kibakuli nkadhani maziwa mgando, kumbe ufuta, wanausaga wanausonga na wanga mpaka unashikana. Shoga! Kama kashata ya ufuta uliyoitoa sukari, nlilamba bakuli huku naangalia mlango.

Alfajiri ibada, mi nkajikalia zangu nyuma, hawakulazimishi kitu. Sauti zao nzito zinakwenda pamoja nkakumbuka dhikri za kwetu, ila magoti ndo yaliniaibisha, kusimama nkamwangukia bibi wa watu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ila kilichonikaa ni Kukai, mtawa wa Kibudha aliyeanzisha hapo mwaka 816. Ukisema alifariki 835 wao wanakwambia hajafa, amekaa anatafakari. Na kweli wanampelekea chakula kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu, watawa wamebeba sanduku jeupe la mbao, wanapita kwanza kwa kisanamu eti kionje, ndo wanavuka daraja kwenda kwake, na ukishavuka hapo kupiga picha marufuku. Nlisimama kwenye mierezi nawatazama wanapita, nkamkumbuka bibi yako na kile kikombe cha kahawa cha babu ambacho mpaka leo hataki kitolewe mezani.

Haya, nimekubebea tofu kavu ya huko, ile ya maharage ya soya, nyepesi kama sponji, unailoweka kwanza. Itie tui la nazi afu unambie.