Barua kwa vijana wa Pasua na Majengo, Moshi

Wanangu wa kwaya na wa madrasa, salaam.

Jumamosi tulikuwa matangani. Mbuzi alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama nilivyoona tangu utoto wangu hapa Moshi: Mkristo akiwa na shughuli humwita Mwislamu ashike kisu, kila mgeni apate kula. Kijana wetu mmoja akaisukuma sahani. Eti mchungaji wake amemkataza nyama iliyosomewa dua ya wengine. Mchinjaji alikuwa palepale, ananawa mikono kwenye beseni, akasikia yote. Alifunga kisu chake kwenye gazeti akaondoka bila kula. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kijana huyohuyo anapita vijiweni akisema mgombea fulani wa udiwani ameteuliwa na Mungu, asiyempa kura amelaaniwa. Upande wa pili nako wapo wenye maneno hayohayo, aya tu ndiyo tofauti.

Wanangu, diwani niliyemchagua akila hela ya barabara, nangoja miaka mitano namtoa. Huyo aliyeteuliwa na Mungu nitamtoa kwa karatasi gani? Hata kumuuliza risiti itakuwa kufuru. Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza kuandikisha chama kinachopigania maslahi ya dini, na mimi mzee wa kanisa naiunga mkono kwa moyo wote. Imani yangu haihitaji diwani.

Mnaukumbuka uwanja wa Majengo, Februari 1, 2020. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga, walikuwa mama zetu na shida zao. Lakini umati ukishaamini kwamba baraka ni ya anayewahi, anayesema "jamani, taratibu" anasikiwa na nani?

Na Arusha, Mei 5, 2013, bomu lilirushwa kanisani Olasiti, wakafa watatu. Juni 15 likalipuka jingine uwanja wa Soweto, kwenye mkutano wa kampeni. Waumini na wapiga kura, ndani ya wiki sita! Niliwaona watu wazima wakiogopa kwenda ibada na kwenda mkutanoni. Sitaki mrithi hofu ile.

Wewe uliyesukuma sahani, najua barua hii itakufikia. Nenda kamsalimie yule mzee aliyechinja kabla ya arobaini. Ukiona aibu kwenda peke yako, nipitie, twende wote.

Mzee wenu, Pasua