Heri ya Diwali, na hizi Ramayana zetu

Jamani ndugu, marafiki na majirani wa Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala, na nyie mlioko Leicester kwenye baridi, heri ya Diwali kutoka kwetu! Mungu awape afya, biashara ziende, wagonjwa wapone, na Wagujarati wenzangu siku ya mwaka mpya tukikutana ni Saal Mubarak kama kawaida.

Msimu huu simu zinajaa meseji za Ram, yule mwanamfalme wa utenzi wetu wa Ramayana, kurudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 porini, na kila mwaka lazima atokee mtu kwenye grupu aanze, oh hicho kisa hakimo kwenye Ramayana ya kweli, bibi zenu waliwadanganya. Hili linanigusa sana kwahiyo naomba niliseme.

Chukua kisa cha Shabari, yule bi mkubwa wa porini aliyemsubiri Ram mpaka akazeeka, akamchumia kunazi, anaonja moja moja, iliyo kali anaitupa, iliyo tamu anamwekea, na Ram akazila hizo hizo zenye alama za meno ya mzee wala hakukunja uso. Ba wetu, yaani bibi, akifika hapo sauti ilikuwa inamkwama. Sasa ukisoma Ramayana ile ya kale ya mshairi Valmiki, ya Kisanskriti, yenye beti kama 24,000, Shabari yumo, matunda ya porini yamo, ila kuonja hakumo. Hata ule mstari wa Lakshman, mdogo wake Ram, ambao Sita, mke wa Ram, aliambiwa asiuvuke, kwa Valmiki huukuti pale Ravana, yule mfalme wa mashetani, anapomteka. Viliingia baadaye kwa watu waliokuwa wakiisimulia kwa lugha zao. Na mimi siwezi kuuita huo uongo hata kidogo.

Tena angalia hapo hapo kwenye kutekwa kwa Sita. Valmiki anasema wazi Ravana alimkamata kwa mikono yake. Kamban, mshairi wa Kitamil wa karne ya 12 hivi, kwake Ravana hamgusi kabisa, anang'oa ardhi pamoja na kibanda anaondoka nacho. Halafu Tulsidas, kaskazini huko, yeye anasema aliyetekwa ni kivuli tu, Sita mwenyewe alishafichwa ndani ya moto. Mi naona hawa wawili, kila mmoja na lugha yake na karne yake, walishindwa kuvumilia mkono wa Ravana umshike Mama Sita. Ukinambia walikosea kutafsiri nakwambia hapana, waliisoma kwa mapenzi na mapenzi yao yakabaki humo humo kwenye beti.

Na huyo Tulsidas alianza kuandika Ramayana yake mwaka 1574 pale Ayodhya, kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, wakati usomi wa dini ulikuwa Kisanskriti na wengi wasingeweza kukisoma. Leo ndiyo inaimbwa majumbani, na ndiyo waliyoibeba vibarua wa Kihindi waliopelekwa Mauritius, Fiji na Trinidad. Sisi Wagujarati tukapata ya Giridhar karne ya 19.

Sasa watoto wetu hapa Kisanskriti hawajui, Kigujarati wanakisikia nusu nusu, wakigombana wanagombana kwa Kiswahili, wakicheka ni Kiswahili. Basi wasimulieni kwa Kiswahili, wazazi wenzangu, na wakiuliza hili limetoka wapi waambieni ukweli, hili la Valmiki, hili la Tulsidas, hili la Ba, yote wayajue na wasione aibu nayo.

Leo mkishamaliza Lakshmi Puja, ibada ya Mama Lakshmi, kabla watoto hawajakimbilia fataki, wakalisheni kidogo muwape Shabari. Majirani Waislamu na Wakristo karibuni sana, vitafunio vyetu vya chevda na ghughra vipo vya kutosha, njooni na watoto. Shubh Deepavali na Saal Mubarak nyote!