Hoja zao zijibiwe, rangi zao ziachwe

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa habari za kimataifa aliwaita wanasiasa weusi wa chama cha Conservative cha Uingereza "wazungu weusi". Nilicheka, kisha nikajiuliza nacheka nini. Kijiweni hilo ni neno la utani, tunamrushia jamaa anayekula ugali kwa uma. Likiingia gazetini linageuka hukumu: huyu si mwenzetu tena, kisa chama alichochagua.

Mimi si mshabiki wa chama hicho. Septemba 2022 Kwasi Kwarteng, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake wanatoka Ghana, akiwa Waziri wa Fedha alisoma bajeti ndogo ya kupunguza kodi kwa takriban paundi bilioni 45 bila kuonyesha pengo litazibwa na nini. Alitaka hata kufuta kile kiwango cha asilimia 45 wanachotozwa wenye vipato vikubwa. Hazikupita siku tatu, paundi ikashuka mbele ya dola hadi chini kuliko ilivyowahi kufika. Mwezi uliofuata akafukuzwa kazi. Anayetaka kumchambua mtu huyo ana pa kuanzia pengi. Lakini siku hizo hizo mbunge wa chama pinzani cha Labour, Rupa Huq, pembeni mwa mkutano mkuu wa chama chake, akasema Kwarteng ni mweusi wa juu juu tu: amesoma Eton, shule ya watoto wa matajiri, na ukimsikia redioni huwezi kujua kama ni mweusi. Chama chake kilimsimamisha, naye akaomba radhi. Sasa niambieni, mwenye mkopo wa nyumba aliyekuwa akiona riba inapanda, lafudhi ya waziri ilimhusu nini?

Marekani nako, Agosti 2021, Los Angeles Times lilichapa makala ambayo kichwa chake kilimwita Larry Elder, mtangazaji wa redio wa chama cha Republican aliyewania ugavana wa California, sura nyeusi ya ubabe wa wazungu. Aliyeiandika ni mwanamke mweusi, na hoja za kumpinga zilikuwepo tele, maana Elder hataki hata kima cha chini cha mshahara. Ila wengi husoma kichwa cha habari tu. Mwezi uliofuata, katika mtaa wa Venice huko huko Los Angeles, mwanamke mzungu aliyevaa kinyago cha sokwe akamrushia yai. Angekuwa mgombea mweusi wa Democratic, sidhani kama tungemaliza kulisikia jambo hilo hadi leo.

Najua nitajibiwa kwamba hata hao weusi wa kihafidhina hulikimbilia neno ubaguzi wakibanwa. Kweli. Mwaka 1991 Anita Hill alieleza mbele ya kamati ya Seneti jinsi Clarence Thomas, aliyekuwa bosi wake, alivyokuwa akimsumbua kwa maneno ya ngono kazini. Thomas akakifananisha kikao kile na watu weusi kunyongwa na makundi ya wazungu. Hill mwenyewe ni mweusi! Mjadala ukahama, na Thomas akapita kwa kura 52 dhidi ya 48 kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Yumo hadi leo.

Hapo ndipo ninapokereka. Mwandishi anayeshika rangi ya mwanasiasa anamkabidhi bure mwavuli huo wa kulia ubaguzi, tena mvua haijaanza. Kemi Badenoch, mwanamke mweusi anayekiongoza chama cha Conservative tangu Novemba 2024, aliwahi kusema kwamba Uingereza ndiyo nchi bora duniani kwa mtu mweusi. Wako Waafrika wengi London, wauguzi, madereva wa basi, wafagiaji wa maofisi, ambao wana la kumjibu kwa kauli hiyo, na sidhani kama wote watampinga. Mwandishi wenu angewatafuta hata watatu kwa simu.

Naomba pia aturudie na ile bajeti ya Kwarteng. Katika makala nzima hakuigusa hata kwa mstari mmoja.

Msomaji wenu,
Morogoro